Shtaka la Kumi na Moja

Ieleweke tangu mwanzo kwamba chura hawezi kuingia mwenyewe ndani ya mwavuli uliokunjwa. Ndiyo maana Mwalimu Pattnaik, mwalimu wa uraia, alipoufungua mwavuli wake mbele ya darasa la tisa na chura akamwangukia begani, hakupoteza muda kumhoji chura. Alimtafuta Jhili.

Jhilimili Naik alikuwa na miaka kumi na minne, misuko miwili iliyofungwa riboni nyekundu, na uso wa mtu anayesali. Uso huo ulikuwa umemwokoa mara nyingi. Safari hii haukufua dafu, kwa sababu palikuwa na shahidi: Sukanti Majhi, mpishi wa bweni, ambaye wasichana wote mia na ishirini wa shule ile walimwita Mamdogo.

"Nilimwona alfajiri kule kisimani, kashika kopo," Mamdogo alisema, huku akifuta mikono kwenye pindo la sari. "Mtoto wa kike haamki kabla ya kengele kwenda kisimani bila kutumwa. Huyu alikuwa na lake."

"Nilikuwa nafanya uchunguzi wa kisayansi," Jhili alisema. "Ni wajibu wa raia, Mwalimu. Wajibu wa nane."

Mwalimu Pattnaik alitabasamu, na tabasamu lake halikuwa dalili njema. "Ahsante kwa kunikumbusha. Utaandika wajibu wote kumi na mmoja. Mara hamsini. Na nikisikia kosa jingine, barua inakwenda kwa baba yako, na wewe unaifuata pamoja na sanduku lako."

Wajibu huo ulikuwa umechorwa kwenye ukuta wa bwalo la chakula, kwa rangi ya buluu, pamoja na orodha nyingine, ndugu yake. Ukuta ulikuwa na safu mbili. Kulia yalikuwa mambo ambayo katiba inamtaka kila raia ayafanye: aiheshimu bendera, aipende misitu na viumbe, alinde mali ya umma, na kadhalika hadi kumi na moja. Kushoto yalikuwa mambo ambayo katiba inaitaka serikali iyalenge inapotawala. Safu ya kulia ilisomwa kila asubuhi kwa sauti. Ya kushoto haikusomwa na mtu, maana nusu yake ya chini ilikuwa nyuma ya magunia ya mchele, na nusu ya juu ilikuwa nyuma ya kabati la sahani.

Jhili aliandika mara hamsini. Kidole cha kati kikaota sugu. Kufikia mara ya thelathini alikuwa ameanza kufikiri kwa lugha ya serikali, na kufikia ya arobaini alimwambia rafiki yake Mamina, aliyelala kitanda cha jirani, "Kwa kuwa kiu imebainika, na kwa kuwa mtungi uko upande wako, unaagizwa unipe maji bila kuchelewa." Mamina alimpa maji, kisha akampa kofi la mgongo. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na liwekwe kwenye kumbukumbu kwamba lilionekana wazo zuri sana.

Barua ilichukua jioni mbili. Jhili aliiandika kwa hati ya kusimama wima, kama ya karani mwenye hasira. Muhuri aliuchonga kwenye nusu ya kiazi alichokwapua jikoni: duara, na ndani ya duara wale simba wa nembo ya taifa. Walitoka wakiwa na mashavu.

"Hawa ni paka," Mamina alisema.

"Ni simba walioshiba. Serikali haina simba wenye njaa."

Ijumaa, mtu wa posta alipoacha barua kwa mlinzi wa lango, Jhili alipita, akainama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka barua za bweni zilikuwa zimeongezeka moja.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mpango. Mpango ulikuwa kwamba Mamdogo, asiyejua kusoma, ataipeleka kwa mlinzi, mlinzi ataisoma akikwama kila mstari, na bweni la tatu litasikiliza kutoka nyuma ya mti wa mwarobaini likiuma mitandio yake. Badala yake, saa tisa mchana, Mamdogo alisimama mlangoni mwa bweni la tatu, unga umemjaa mpaka viwikoni, ameishika bahasha kwa ncha za vidole kana kwamba ni sufuria ya moto.

"Jhili. Njoo jikoni."

Jhili alimfuata, tayari anatunga utetezi. Lakini Mamdogo alipofika jikoni alimsogezea kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Nisomee mwanangu. Mlinzi ana mdomo. Na wewe ndiye unayeyajua maneno ya wakubwa, umeyaandika mpaka kidole kimevimba. Nilikuona. Nikajisikia vibaya, lakini chura na mwalimu, jamani!"

Jhili aliifungua barua yake mwenyewe. Nje, chini ya dirisha, palisikika mtu akibana kicheko kwa pua. Alikuwa Mamina.

"Ofisi Kuu ya Wajibu wa Raia," Jhili alisoma. "Kwa Bibi Sukanti Majhi, mpishi. Kwa kuwa katiba ya nchi imempa kila raia wajibu kumi na mmoja, na kwa kuwa imebainika kwamba wewe umeuvunja wote, bila kubakiza hata mmoja wa kuonjea..."

"Mama yangu!" Mamdogo alikaa chini, kwenye gunia.

Shtaka la kwanza lilikuwa kukoroga dengu wakati wimbo wa taifa unaimbwa. Mamdogo alitikisa kichwa. "Kweli. Zikiachwa zinashika chini. Lakini huwa nakoroga nimesimama wima." Shtaka la nne lilikuwa kushindwa kuitetea nchi, kwa kumkimbia panya aliyevamia ghala. "Alikuwa mkubwa!" Shtaka la tano, kuvunja udugu wa wananchi kwa kuwaita wakazi wa bweni la tatu ngedere. Hapo Mamdogo alimtazama Jhili kwa jicho la pembeni, na Jhili akainamisha uso wake wa sala juu ya karatasi. La saba, ukatili kwa mayai, kwa kuyachemsha mpaka viini vikageuka kijani. La nane, kukosa moyo wa kisayansi, kwa kutundika limau na pilipili saba juu ya mlango wa jiko kuzuia kijicho.

"Na hilo nalo wamelijua?" Mamdogo alizitazama pilipili zake. Mdomo ulianza kumcheza. Alikuwa karibu kucheka, na Jhili naye alikuwa karibu kucheka, na kama barua ingeishia hapo dunia ingekuwa mahali pengine.

"Shtaka la kumi na moja," Jhili alisoma. Hili alikuwa ameliandika bila hata kufikiri. Lilikuwa kwenye orodha ya ukutani, na kumi bila la kumi na moja ingekuwa aibu kwa mwandishi. "Kwamba wewe, ukiwa mzazi, umemnyima mtoto wako elimu, ilhali ana umri wa kati ya miaka sita na kumi na minne."

Dengu zilikuwa zinachemka. Povu likapanda, likasukuma kifuniko, likamwagika kwenye moto, na mwanamke ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuacha hata tone limwagike hakugeuka kutazama.

"Wamejuaje habari za Minati?" aliuliza.

Jhili hakujua kwamba Mamdogo ana mtoto. Hakuna aliyejua. Mtu aliyewapikia mara tatu kwa siku, walikuwa wanajua viatu vyake vina rangi gani na anaimba nini akipepeta mchele, na jambo hilo hawakulijua.

"Ana miaka kumi na miwili," Mamdogo alisema. "Ukishapita mwezi wa sherehe ya mchele mpya, mawakala huja kijijini kuchukua watu wa matanuri ya matofali, kule kusini. Hawachukui mtu mmoja mmoja, wanachukua watatu watatu. Mmoja akande udongo, mmoja atie kwenye kibao, mmoja mdogo ageuze matofali juani, maana mdogo ni mwepesi, hayavunji. Mwaka jana mume wangu alikosa wa tatu, akaachwa, mshahara wangu haukutosha, tukala mizizi. Mimi siwezi kuiacha kazi ya hapa. Akasema, basi Minati akamilishe watatu, pamoja na shemeji. Mimi nikasema... Sikusema kitu. Nilimfungia bisi za mchele kwenye kitambaa, nikamsuka nywele. Ndicho nilichofanya."

Mamina hakusikika tena dirishani.

Hapa palikuwa mahali pa kusema. Jhili alipajua kabisa, kama mtu anavyokijua kituo anachopaswa kushuka. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Lakini nyuma ya maneno hayo alimwona baba yake, mlinzi wa msitu, akishuka kwenye basi na kofia mkononi ili asomewe makosa ya binti yake, na akaliona sanduku. Kituo kikapita.

"Niende lini?" Mamdogo aliuliza.

"Jumatatu. Tarehe ishirini na sita. Saa nne asubuhi, ofisi ya tarafa." Tarehe hiyo Jhili aliichagua kwa makusudi, kwa kuwa ni Siku ya Katiba, ofisi zote huwa na hotuba na hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kushtakiwa siku ya hotuba. "Lakini Mamdogo, nadhani usiende. Barua kama hizi huwa zinatumwa tu."

"Ina muhuri."

"Mihuri mingine..."

"Mwanangu, hakuna muhuri mwingine." Mamdogo aliikunja barua vizuri, akaitia kifuani. "Imesema tena nini?"

"Kwamba, kama dhamana," Jhili alisema, "uweke mayai sita yaliyochemshwa vizuri kwenye dirisha la bweni la tatu kabla ya Jumapili jioni."

Mamdogo alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu. Kisha akaenda kuzisugua dengu zilizoungua.

Jumapili mchana mayai yalikuwepo dirishani, sita, ndani ya jani. Mayai ya bweni ni meupe na makubwa, huja kwa gari. Haya yalikuwa madogo, ya kahawia, ya kuku wa mtu. Mamina aliyanusa kwa hofu, kisha akala mawili, kwa sababu majuto ni majuto na yai ni yai.

"Kula," alimwambia Jhili.

"Sina njaa."

"Wewe? Huna njaa? Basi nchi imekwisha."

"Mamina, twende tukamwambie."

"Twende nani? Kiazi kilichongwa na mikono mingapi?" Mamina aliyasema haya bila ukali, akitazama ganda. "Nenda. Mimi nitakufungia sanduku."

Jhili alikwenda. Alifika hadi mlango wa jiko, chini ya zile pilipili saba. Ndani Mamdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo ya maganda, akitafuta kitu. Sari yake nzuri, ya buluu yenye pindo la manjano, ilikuwa imetundikwa msumarini, imefuliwa kwa ajili ya kesho. Jhili aliitazama sari ile, akarudi bwenini. Jumapili hiyo alifika mlangoni hapo mara tatu, na mara ya tatu aliambiwa na Mamdogo mwenyewe, "Kama unataka ukoko, sema. Usinizungukie kama paka."

Jumatatu shule nzima ilipangwa uwanjani. Palikuwa na kipaza sauti na maua ya manjano yaliyofungwa kwenye mlingoti. Mwalimu Pattnaik, ambaye alikuwa mtu wa haki, alitangaza kwamba wajibu wa raia utasomwa bila karatasi na mwanafunzi ambaye, kwa sababu zinazofahamika, anaujua kuliko wote.

Jhili alipanda jukwaani. Kutoka pale juu aliliona lango. Alikuwa kwenye wajibu wa tatu Mamdogo alipotokeza nyuma ya jiko, ndani ya sari ya buluu, nywele zimepakwa mafuta, kifurushi kidogo kwapani. Mlinzi alimfungulia. Wajibu wa sita, akawa barabarani. Wa tisa, akawa doa la buluu kwenye mashamba ya mpunga uliovunwa.

Ingependeza kusema kwamba Jhili alikatiza, akashuka, akakimbia. Hakukatiza. Alisoma wa kumi, akasoma wa kumi na moja, kwa sauti safi, bila kukosea neno: kila mzazi ampe mtoto wake nafasi ya elimu. Akapigiwa makofi. Mwalimu Pattnaik alipiga makofi kuliko wote. Ni makofi hayo yaliyomshinda. Alishuka ngazi akiwa bado anapigiwa, akapita katikati ya darasa la sita, akapita lango lililoachwa wazi, akakimbia na soksi zake nyeupe za sherehe.

Ofisi ya tarafa ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alipofika, kifua kikimwaka, watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya baraza, na nyuma ya meza ya afisa palitundikwa kitambaa kikubwa chenye safu zilezile mbili. Hapa hapakuwa na kabati wala magunia. Mamdogo alikuwa amesimama pembeni, mbele ya karani mwembamba aliyeishika barua juu kwenye mwanga.

"Mama, hebu niambie. Huyu ni simba au paka?"

Watu wa viti vya mbele walicheka. Mamdogo alinyoosha pindo la sari.

"Nani kakupa hii?"

"Imeletwa."

"Imeletwa! Kughushi nembo ya taifa ni jela, unajua? Leo, Siku ya Katiba, unatuletea paka! Utamtaja aliyeandika, au utamtajia polisi?"

Jhili alisimama nyuma ya nguzo. Miguu iliyokimbia mwendo wote ule ikakataa hatua nane za mwisho.

"Bwana karani," Mamdogo alisema, "najua ni ya uongo."

"Unajua?"

"Tangu jana. Nusu ya kiazi niliipata kwenye ndoo ya maganda. Simba wako mumo humo, na mashavu yao. Nimemenya viazi miaka sita, sijawahi kuona kiazi chenye simba."

Sasa hakuna aliyecheka. Afisa wa tarafa, mtu mnene mwenye ua la karatasi kifuani, aliacha hotuba yake mezani akasogea. "Sasa mama, kama ulijua, umekuja kufanya nini?"

"Nina karatasi nyingi nyumbani, bwana mkubwa. Ya mchele, ya kura, ya kazi, ya chanjo ya mbuzi. Zote zina mihuri ya kweli. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza mtoto wangu yuko wapi. Hii imeuliza. Basi nimekuja kujibu. Yupo kwenye tanuri la matofali. Anaitwa Minati. Wajibu wangu nimeuvunja, hilo shtaka ni langu, niandikieni. Lakini nimepika chini ya ule ukuta miaka sita, watoto wanasoma upande mmoja tu kila siku. Nataka kujua upande wa pili unasema nini."

Afisa aligeuka kukitazama kitambaa chake mwenyewe, kama mtu anayekiona mara ya kwanza. "Upande ule ni... ni miongozo, mama. Serikali italenga, itajitahidi. Watoto walindwe, wasiharibiwe utoto wao, watu wasisukumwe na shida kwenye kazi zisizolingana na umri wao. Lakini ule upande haupelekwi mahakamani. Serikali haishtakiwi kwa ule. Inajitahidi tu."

"Sijasema nashtaki," Mamdogo alisema. "Jitahidi."

Kipaza sauti cha hotuba, hatua mbili tu kutoka kwake, kilikuwa wazi, na neno lilitoka kwenye spika mbili za juu ya mti. Mtu mmoja wa nyuma akarudia, "Jitahidi, bwana!" na kina mama wawili watatu wakaitikia. Afisa alifuta shingo kwa leso.

"Tutaona. Lakini kwanza aliyeghushi..."

"Huyo simjui," Mamdogo alisema upesi.

Na alikuwa anamtazama Jhili. Alikuwa amemwona tangu alipofika: soksi nyeupe zilizojaa vumbi zilitokeza chini ya nguzo. Alimtazama na kutikisa kichwa kidogo, ishara ambayo mama humpa mtoto aliye karibu kuropoka mbele ya wageni.

Kama angekaripiwa, pengine Jhili angebaki nyuma ya nguzo mpaka leo.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mimi. Na si kwa ajili ya Minati. Mimi sikujua habari za Minati. Nilikuwa nataka mayai."

Karani aliufungua mdomo, afisa akamzuia kwa mkono. Alimtazama msichana, akaitazama barua, akaisoma yote, na kwenye shtaka la panya alilazimika kukohoa.

"Wewe ndiye unayejua kuandika barua za serikali," alisema hatimaye. "Kaa hapo. Andika ya kweli. Jina la mtoto, umri, jina la baba, wakala, mahali tanuri lilipo. Kisha chini, jina lako wewe mwandishi."

Jhili aliketi. Barua ya uongo ilikuwa imetiririka kama maji ya bomba. Hii ilikuwa mistari sita na ilimchukua saa nzima, kwa kuwa kila alipouliza swali Mamdogo alilazimika kujibu. Alikuwa na nguo gani? Ya kijani, ina kiraka begani. Alama yoyote? Kovu la mafuta mkononi, alikuwa ananisaidia kukaanga. Aliondoka lini? Siku ile niliyowapikia mchuzi wa malenge, mkasifu. Jhili alikumbuka mchuzi ule. Alikuwa ameomba aongezwe.

Muhuri ulipigwa. Ulikuwa mdogo kuliko wake, na simba wake walikuwa wamekonda.

Baba alikuja, na kofia mkononi, kama vile Jhili alivyomwona kabla hajaja. Hakugomba. Alisema tu njiani kuelekea kituo cha basi, "Sikujua wewe ni mtu wa kumcheka mwanamke asiyejua kusoma," na hilo lilikaa naye wiki mbili zote alizofukuzwa, kwenye kila tonge. Aliporudishwa shuleni, ilikuwa kwa sababu mpishi wa bweni alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu akasema anahitaji mtu wa kumenya viazi asubuhi na anamtaka yule. Mwalimu Pattnaik naye aliongeza adhabu yake: safu ya kushoto, mara mia. Ikabidi kabati la sahani lisogezwe, na magunia ya mchele pia. Nyuma yake rangi ya buluu ilikuwa bado mpya, na mstari wa watoto ulikuwa wa chini kabisa, pale gunia la mwisho lilipogusa sakafu.

Novemba iliisha. Desemba ikaisha. Kila Jumatatu Jhili aliandika barua nyingine ya ukumbusho, Mamdogo akiketi kwenye kigoda na kumwelekeza, na kila barua ilikuwa fupi kuliko ile iliyopita, na ngumu zaidi. "Sema tunasalimu," Mamdogo alisema. "Sema tunajua wana kazi nyingi. Sema nimesema jitahidi."

Katikati ya Januari gari la idara ya kazi liliwaleta watoto tisa kutoka kusini. Baba yake Minati alibaki kule mpaka msimu uishe. Minati alishuka wa mwisho, amevaa ile ya kijani yenye kiraka. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na vina rangi ya udongo, rangi ambayo haikutoka wiki ile wala iliyofuata, hata kwa ndimu. Alipewa kitanda bweni la tatu, kati ya Mamina na Jhili, na akaandikishwa darasa la tano pamoja na watoto waliomfika kifuani.

Hakusema mengi. Alikula haraka, akiziba sahani kwa mkono. Jioni, wengine walipocheza, aliketi kwenye ngazi za jiko akijifunza kusoma chochote alichokipata: mifuko ya chumvi, gazeti lililofungia pilipili. Jhili alikuwa ameagizwa amsaidie, na hakuna adhabu aliyopewa miaka yote ya shule iliyokuwa nzito kama hiyo.

Siku moja Minati alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. "Nimeipata kwenye debe la mchele la mama. Nilidhani ameitupa, akasema nisiiguse, ni kitu muhimu. Ni nini?"

Jhili aliitambua kabla haijafunguliwa. "Soma," alisema.

Minati alisoma, kidole chini ya kila neno. Kwenye dengu na wimbo wa taifa alitabasamu. Kwenye panya alicheka, mara ya kwanza tangu ashuke garini, kicheko chenye pengo la jino, na ndani ya jiko sauti ya upawa ilinyamaza ili isikilize. Kwenye mayai ya kijani alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha alifika la kumi na moja. Alilisoma mara mbili, polepole, midomo ikitembea.

"Aliyeandika hapa," aliuliza, "alikuwa ananijua?"

"Hapana."

"Aliandika tu."

"Aliandika tu. Ilikuwa nafasi ya kujaza."

Minati alifikiri jambo hilo. Hakuonekana kukasirika, na Jhili angetoa mayai ya mwaka mzima aonekane amekasirika. Alipitisha kidole kilichopasuka juu ya muhuri, juu ya wale simba wenye mashavu, akaikunja karatasi mara nne kwenye mikunjo yake ileile.

"Kesho nisaidie kuandika," alisema. "Kule tuliwaacha wengine. Nayajua majina yao yote."

Jhili alikwenda kuchukua daftari saa ileile, asingoje kesho. Alirudi akaketi ngazi ya chini, akachonga kalamu, na Minati akaanza kuhesabu kwa vidole: Kuntala, wa miaka kumi. Dhanu, hajui miaka yake. Mdogo wake Dhanu.